Miwani ya Darubini na Shingo ya Barasa

Nimestaafu, nanyi mnaochukua nafasi yangu mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi hii ya kufundisha watu udereva. Mwanzoni nilikataa, kwa sababu mengi tunayoyajua yako mguuni na shingoni, hayaandikiki. Halafu nikawaona mna haraka ya kumpa mwanafunzi usukani siku ya kwanza ili asihamie kwa mwalimu mwingine, nikaona heri niseme. Sitawaambia nilikuwa napata ngapi wala nimefaulisha wangapi. Hesabu hizo wanazijua watu wa kodi, na hawajawahi kunipongeza.

Nilikuja Birmingham na leseni ya Kenya na kiburi cha msichana aliyeendesha pikapu ya baba yake kwenye matope ya Nyeri. Mtihani wa hapa ukaniangusha vizuri. Nilikuwa nimezoea barabara isiyo na mistari, ambako kioo cha pembeni ni cha kujitazama unapopaka rangi ya midomo. Aliyeninyoosha ni Bwana Gurdip, Msikh mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa na shule ndogo ya udereva nyuma ya gereji moja Digbeth, enzi Digbeth ilipokuwa ya vyuma na oili chafu, kabla vijana hawajaigeuza mahali pa kunywea kahawa ya bei kali. Alinifundisha kwa Kiswahili cha Kisumu, akiniita dada. Nilipofaulu akaniambia kwamba mdomo wa mwalimu tayari ninao, kilichobaki ni kutafuta mguu wa kulingana nao. Nikabaki kwake kujifunza kazi.

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha nilitegemea anipe funguo za gari. Alinipa kamba. Ilikuwa kamba ya manila ya buluu, ameikata mwenyewe urefu wa mita ishirini, kwa maana sheria ya hapa inataka mtu asome namba ya gari lililoegeshwa umbali huo, mchana, akiwa na miwani yake kama huvaa miwani. Ukishindwa huendeshi, hata kama unaweza kuegesha lori ndani ya choo. Macho kwanza, ufunguo baadaye, ndivyo alivyosema Bwana Gurdip, na hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Nanyi fanyeni hivyo. Chagueni gari ambalo mwanafunzi hakulipita akija, na msitumie lenu wenyewe, maana namba yake wanaijua kama wanavyoijua siku ya mshahara. Watu wa kwetu wana kumbukumbu nzuri na aibu nyingi. Mtu atakariri magari ya mtaa mzima kabla ya kukiri kwamba haoni.

Bwana Gurdip alipofariki nilinunua gari langu, nikafungisha breki ya pili upande wa mwalimu, nikabandika kioo cha pili cha kuangalia nyuma kwa ajili yangu, nikatafuta viatu vya soli nyembamba, nikaanza kuzunguka mitaa ya Hodge Hill na Stechford. Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa wauguzi na wahudumu wa wazee. Muuguzi mmoja wa Machakos alikuwa akifumba macho kila tunapokaribia raundabauti, akisema anaomba. Nilimwambia aombe akiwa ameyafungua, Mungu hatachukia. Mchungaji mmoja Mkongo alikuwa akinihubiria mikono yote miwili ikiwa hewani, nikajikuta mimi ndiye nimeshika usukani wa Injili. Wote hao walifaulu. Hofu na mdomo vinatibika.

Kesi iliyonitoa jasho ni ya Kevin Barasa.

Alikuja kwangu majira ya kuchipua, kijana wa Bungoma, mwenye ualbino, kofia pana kichwani na tabasamu la mtu aliyelelewa na bibi yake. Alisimama wima kabisa mbele yangu, uso wote umenielekea, akanisalimu shikamoo, kitu ambacho Mkenya wa umri wake hafanyi mara nyingi. Macho yake yalikuwa hayatulii, yanacheza kushoto na kulia, kama yalivyo macho ya wengi wenye ualbino. Alikuwa mhudumu wa wazee majumbani, akienda kwa mguu na kwa basi kutoka nyumba hadi nyumba, na alikuwa hapa na mkewe Lilian na mtoto wao mdogo kwa viza iliyodhaminiwa na kampuni yake.

Shida yake alinieleza kabla hata sijauliza. Meneja wake, mama ambaye si mtu mbaya, alikuwa amewaambia kwamba zamu zote mpya zitakuwa za wenye magari. Asiye na leseni hadi mwisho wa mwaka angepunguziwa masaa, na viza yake ilidai masaa hayo yasipungue. Nyumba yake nzima ilikuwa inaning'inia kwenye leseni.

Nikanyoosha kamba. Nikamwonyesha gari jeusi ng'ambo, nikamwambia asome namba. Akavua miwani aliyokuwa amevaa, akatoa nyingine kwenye mkoba, akaivaa, akainamisha kidevu kidogo, akaisoma namba yote bila kukosea. Ningefurahi, lakini nilikuwa nimeona ile miwani.

"Hiyo ni nini, Barasa?"

"Ni glasses, Mwalimu."

"Glasses gani zina bomba?"

Akacheka, akanipa niishike. Ilikuwa miwani kama miwani, ila juu ya kioo cha kulia palikuwa pamefungwa kidarubini kifupi, kinene kama kidole gumba. Akanieleza kwamba binamu yake aliye Texas, naye ana ualbino, anaendesha gari kwa miwani kama hiyo, na sheria ya kule inamruhusu. Muda mwingi unaangalia chini ya darubini, kwa kioo cha kawaida. Ukitaka kusoma kibao cha mbali, unainamisha kidevu, unachungulia kwenye darubini kidogo tu, halafu unarudi. Binamu alipopata mpya alimtumia ile ya zamani. Barasa alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye mabasi ya Birmingham msimu mzima wa baridi, akiwasomea abiria wenzake majina ya vituo bila kuombwa.

Niliijaribu. Nikamwona njiwa aliyekuwa juu ya bomba la moshi la jirani, na kucha zake. Ni chombo kizuri, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini ukichungulia mle, dunia yote iliyo pembeni inakuwa ndogo kama tundu la ufunguo, na ndiyo maana kuna nchi zinazoikubali kwa mafunzo maalumu na nyingine hazitaki kabisa. Hapa kwetu, kwenye kusoma namba ya gari, darubini haihesabiwi.

Nilipomwambia hivyo tabasamu lilimtoka. Hakuwa amedanganya mtu. Alipoomba leseni ya kujifunzia aliulizwa kama anaweza kusoma namba akiwa na miwani, naye alikuwa na miwani, na alisoma. Ningekuwa yeye ningejibu vilevile. Nikamwambia arudishe ile ya kawaida, ajaribu tena. Akajiweka sawa kama kuruta kwenye gwaride, shingo imenyooka, akanitazama kwanza mimi kwa adabu, kisha gari. Herufi alizozitaja zilikuwa za gari lingine, sijui la nani.

Nikaanza kukunja kamba.

"Mwalimu, nipeleke hata mtaa mmoja tu," akasema. "Ukiona naendesha vibaya, nitakubali mwenyewe."

"Hapana, Barasa."

"Sasa nikamwambie Lilian nini?"

Nilimhurumia sana. Lakini katika mitaa ile ile kuna vikongwe wanaovuka barabara na mikokoteni yao ya sokoni bila kuangalia upande wowote, wakiamini kwamba anayekuja anawaona, na huenda baadhi yao ni wale wale aliokuwa akiwaogesha Barasa asubuhi. Nilimwambia kuna mpimaji macho Stechford, Bwana Shah, mzaliwa wa Nakuru, aliyenitengenezea miwani yangu, na kwamba twende akamwone. Akasema amepimwa Bungoma, amepimwa Nairobi, amepimwa na hapa, na wote walimwambia kitu kimoja. Nikamwambia kupimwa tena si dhambi. Aliingia garini kwa heshima tu, wala si kwa tumaini.

Niliendesha mimi. Ilikuwa siku ya mawingu, yaani siku ya kawaida. Barasa alikuwa amekaa kushoto kwangu, darubini mfukoni, kimya, uso ameugeuzia dirisha la upande wake. Nilidhani anaficha machozi, nikamwachia nafasi yake. Karibu na stesheni taa zikawa nyekundu, tukasimama. Nafikiri ukimya ulimshinda, kwa sababu alisema, ili mradi aseme kitu, kwamba lile basi linalokuja limeandikwa haliko kazini, maskini wale walio kituoni.

Nikaangalia mbele. Basi lilikuwa bado liko mbali ng'ambo ya taa. Mimi mwenyewe nililiona ni basi, basi. Lilipokaribia nikaona maandishi yake: haliko kazini.

"Umejuaje?"

"Nimesoma."

"Kwa kitu gani? Kwa ile darubini?"

"Kwa macho, Mwalimu." Na aliponijibu alinigeukia, akanyoosha shingo, uso wote kwangu, na pale pale nikayaona macho yake yakianza kucheza kwa kasi zaidi.

Nikamwambia arudi alivyokuwa. Akadhani namkemea, akaomba msamaha. Nikamwambia sikasiriki, ageuze tu uso dirishani kama mwanzo na anitazame akiwa hivyo. Akasita sana. Mwishowe akageuza uso kushoto, akaniletea macho kwa pembeni, na macho yakatulia karibu kabisa. Nyuma yetu mtu akapiga honi, taa zilikuwa zimeshakuwa za kijani. Mwalimu wa udereva kupigiwa honi ni aibu ambayo sitaki niifafanue.

Nikaegesha, nikamuuliza. Akanieleza kwamba tangu utoto kichwa chake kilikuwa kikienda upande, na hakuwa akijua kwa nini. Darasa la pili mwalimu alimchapa kwa kumwangalia kwa kona ya jicho kama mwizi. Nyumbani bibi yake akamwambia mkubwa anatazamwa kwa uso mzima, anayetazama kwa pembeni ana dharau. Akajifunza. Alipokuwa peke yake, au mahali ambapo hakuna anayemwangalia, aliacha shingo iende inakotaka. Mbele ya mtu mzima aliinyoosha.

"Na hospitalini je?"

Akanishangaa. "Hospitalini kuna madaktari, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila aliyempima macho, kuanzia Bungoma hadi Birmingham, alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na Barasa alikuwa amekaa mbele ya kila mmoja wao na shingo iliyonyooka.

Bwana Shah alinisikiliza mlangoni, hakunikatiza. Alisema macho yanayocheza mara nyingi huwa na mahali pake pa kupumzikia, na kwa wengine mahali hapo pako pembeni. Mtu akiachwa huru, hugeuza kichwa mwenyewe ili macho yakae pale. Kisha akaichukua ile miwani ya darubini, akaigeuzageuza. Ilikuwa imefungwa kwa ajili ya binamu, ambaye bila shaka macho yake hupumzikia katikati. Ilimlazimu Barasa aangalie moja kwa moja mbele, yaani pale pale macho yake yanapocheza zaidi, halafu inamkuzia picha hiyo inayotikisika. Kwamba aliweza kusoma chochote nayo, alisema, ni ukaidi wa Kibukusu, wa watu wa kwao Bungoma.

Akamkalisha kwenye kiti. Barasa akanyoosha shingo. Bwana Shah akaweka kalamu chini, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani:

"Sikiza kijana. Tangu utoto watu napima heshima yako. Leo mimi nataka pima macho."

Akaniambia mimi nitoke, kwa sababu nilikuwa mkubwa mmoja zaidi mle ndani, na yeye mwenyewe akaenda kusimama nyuma ya kiti ili asionekane. Nilikaa nje katikati ya fremu, nikajaribu moja iliyonifanya nifanane na hakimu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilimsikia Barasa akisoma, akinyamaza, akisoma tena, na Bwana Shah akibadilisha vioo, tik, tik. Mimi si mtu wa kusali madukani, lakini siku ile nilisali, macho wazi.

Aliposoma mstari ambao sheria inautaka, na herufi kadhaa za mstari wa chini yake, hakuna aliyeshangilia. Bwana Shah alitoka, akanawa mikono, akasema miwani yake ya zamani haikuwa inamfaa, anahitaji vioo vipya vyenye rangi ya kupunguza mwanga, na kwamba yeye peke yake hatoshi kusema neno la mwisho. Akampeleka kwa madaktari wa macho hospitalini wapime tena, kichwa kikiwa kinapotaka, na wapime pia anavyoona pembeni. Ofisi ya leseni ikaarifiwa kila kitu. Tukangoja kiangazi chote, Lilian akinipigia simu kuniuliza kama nimesikia lolote, kana kwamba mimi ndiye serikali.

Siku Barasa aliponipigia kusema ameruhusiwa kujifunza, nilikuwa naosha vyombo. Nilikaa chini sakafuni jikoni, na povu mikononi, nikashusha pumzi ambayo naona nilikuwa nimeishika tangu ile siku ya basi. Sijui kama mnajua furaha ya kusema ndiyo kwa mtu uliyemwambia hapana, na ile hapana yako nayo ilikuwa sahihi. Ni tamu kuliko furaha ya kawaida.

Hata hivyo nilinyoosha kamba upya, maana bila hivyo Bwana Gurdip angefufuka. Barasa akasimama, akaniona nimesimama karibu, akanyoosha shingo. Nikampa mgongo. Nikaangalia ua wa jirani kama mtu anayetaka kuununua. Nyuma yangu nikamsikia akisoma taratibu, herufi na tarakimu zote. Nikamwambia aendelee.

"Zimeisha, Mwalimu."

Nikageuka, nikampa ufunguo.

Sasa niwaambie ya kazi, yawasaidie. Dereva anayeendesha uso ukiwa upande mmoja lazima afundishwe kukitembeza kichwa chake makusudi kila makutano, asiridhike na pale macho yanapostarehe. Tulivipanga vioo kwa shingo yake, siyo kwa kitabu. Mawingu ya Birmingham, ambayo kila mgeni huyalaani, kwake yalikuwa neema. Jua la chini la alasiri za vuli ndilo lililokuwa adui, na siku za jua hilo tuliahirisha somo, hata akinisihi. Darubini alikubali iwe ya vituo vya mabasi na ya kusoma vibao akiwa abiria. Kosa lake kubwa barabarani halikuwa la macho hata kidogo. Alikuwa anampisha kila mtu. Kwenye raundabauti alikuwa anangoja magari ambayo bado yako Coventry, mji mwingine kabisa.

Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja, nao ni mtahini. Nilimwambia Barasa mara nyingi: huyo atakayekuja si baba yako wala si mwalimu wako wa darasa la pili, mkosee adabu. Alikuwa akicheka na kuahidi. Nikamwombea mtahini kijana, ikiwezekana mwenye kipini puani.

Akaja mzee. Mvi kichwa kizima, tai, koti lililopigwa pasi, ubao wa karatasi kifuani, na uso wa mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa nimebaki mlangoni, kwa sababu mwalimu haruhusiwi kusema lolote hapo. Nikawaona wakitembea uwanjani. Mtahini akanyoosha kidole kuelekea gari la mbali, na Barasa, mtoto wa bibi yake, akanyoosha shingo, akamwelekea mzee kwa uso mzima, kisha akaliangalia gari vivyo hivyo.

Nilimwona mtahini akitikisa kichwa. Akaonyesha gari lingine. Wanakupa nafasi tena, lakini si nyingi, na ukishindwa kabisa mtihani unaishia hapo hapo kabla hujawasha gari, na ofisi ya leseni inaarifiwa. Nikawaza kiangazi chote kile, na Lilian, na masaa ya viza. Barasa akageuka kunitafuta kwa macho. Sikuwa na neno wala ishara ninayoruhusiwa kutoa, na ukweli ni kwamba sikutaka kuona. Nikampa mgongo.

Nilisimama nikiutazama ukuta wenye tangazo kuhusu mikanda ya usalama. Nikalisoma mara mbili. Halafu nikasikia sauti yake, herufi moja moja, bila haraka, hadi mwisho. Halafu mlango wa gari, halafu wa pili, halafu injini. Nilipogeuka walikuwa wanatoka getini, na kupitia dirishani niliona kichwa cha Barasa kimekwenda upande kwa ukosefu wa adabu usio na kifani.

Waliporudi, mtahini alinieleza kwa upole kwamba amemwangusha. Alikuwa akisitasita kupita kiasi, alikaa kwenye raundabauti moja hadi foleni ikamzomea. Nikajiandaa kumliwaza. Barasa akashuka akicheka meno yote nje, akanishika mikono.

"Nimeanguka kwa kusitasita, Mwalimu. Kwa kusitasita tu."

"Nimesikia. Pole."

"Usiniambie pole. Maisha yangu yote nimekuwa nikianguka kwa macho. Leo nimeanguka kama mtu yeyote."

Tulicheka pale uwanjani mpaka nikatoa machozi, na mtahini akatuangalia kwa mashaka, nadhani hajawahi kuona walioanguka wakifurahi namna ile. Barasa alikwenda moja kwa moja kwa meneja wake akiwa na karatasi ya kushindwa, akaiweka mezani kama cheti. Yule mama akaisoma, akasema hata yeye alianguka mtihani wake wa kwanza kwa kosa hilo hilo, na kwamba atamhesabia masaa yake hadi ajaribu tena. Nami nikaanza kumfundisha Barasa uchoyo: hii nafasi ni yako, ichukue, usimpe mtu. Tukapata tarehe iliyoachwa na mwingine, wiki moja kabla ya Krismasi. Akafaulu. Lilian akanialika kula, akapika kuku na ugali, akanikalisha kwenye kiti kizuri, akashindwa kusema alichotaka kusema, akaniongezea kuku.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Gari langu nililiuza kwa mwalimu kijana, mmoja wenu, nikalipeleka mwenyewe gereji ya Digbeth likakaguliwe, na Barasa akajitolea kunirudisha nyumbani Hodge Hill. Alikuja na kigari chake cha mitumba, akiwa na sare ya kazi, ametoka kwa mzee mmoja na siku yake imeisha. Nikakaa kiti cha abiria. Kwa miaka yote ya kazi sikuwahi kukaa kiti kile bila mguu wangu kutafuta breki, hata kwenye teksi, hata kwenye gari la mume wangu, Mungu amrehemu, na tuligombana kwa ajili hiyo. Breki ya upande wangu haikuwepo. Makutano ya kwanza mguu ukakanyaga zulia. Ya pili pia. Uso wake ulikuwa upande, mikono imetulia, kichwa kinatembea inavyotakiwa, vioo, barabara, vioo. Alikuwa ananihadithia kuhusu mtoto wake kuanza shule, jinsi anavyomwelewa Kiswahili chote na kumjibu kwa Kiingereza.

Nilipofumbua macho gari lilikuwa limesimama nje ya nyumba yangu, injini imezimwa. Shingo ilikuwa inaniuma kwa kulala vibaya. Barasa alikuwa amekaa kimya, mikono mapajani, anangoja.

Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha. Akasema mkubwa haamshwi.

Nikamuuliza njiani kulikuwa na nini. Akafikiri, akasema hakukuwa na kitu, Mwalimu, ni barabara tu. Nikamshukuru, nikachukua mkoba wangu, nikaingia ndani kuweka chai, na sikusimama dirishani kumwangalia akiondoka.